Forester ya 2005 isiyo na kumbukumbu za matengenezo: mkanda wa taimingi nibadilishe sasa au nisubiri?

Mwalimu wa Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005 yenye injini ya EJ20 ya turbo, ambayo niliinunua mwezi Machi kwa mtu aliyeiagiza kutoka Japani mwaka 2014 na kuitumia mwenyewe muda wote huo. Dashibodi inasoma kilomita 131,600. Aliniambia kwamba iliingia nchini ikiwa na kilomita 64,000, na kwamba amekuwa akibadilisha oili, filta, plagi na breki kwa wakati, lakini nilipomuuliza kuhusu mkanda wa taimingi alifikiri kwa muda, kisha akasema hakumbuki kama uliwahi kuguswa. Ninamwamini, kwa sababu angeweza kuniambia kwamba aliubadilisha na mimi nisingekuwa na njia ya kumpinga.

Nimewaona mafundi wawili. Wa kwanza alifungua kifuniko cha pembeni, akamulika kwa tochi ya simu, akaubonyeza mkanda kwa kidole na kuniambia kuwa bado ni mzima, hauna nyufa, na kwamba nisubiri hadi kilomita 150,000. Wa pili hakufungua hata boneti. Aliuliza mwaka wa gari na kama nina risiti yoyote ya kubadilisha mkanda, na niliposema sina, akanishauri nisilitoe nje ya mji mpaka kazi hiyo ifanyike. Amenitajia shilingi 520,000 kwa seti kamili na 150,000 za ufundi.

Fedha niliyonayo sasa inatosha jambo moja tu: seti hiyo, au matairi manne ambayo nayo yamekaribia kuisha. Desemba nilipanga kwenda Mbeya na mke wangu na watoto watatu kupitia Iringa. Ninaomba ushauri wa watu wenye uzoefu: kati ya mafundi hawa wawili nimsikilize nani, na kwa sababu gani?

Fundi wa Gerezani

Mwalimu, msikilize wa pili. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, maana ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe hata kwa gari lingine utakalonunua baadaye.

Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha kranki, ambayo huzungushwa na pistoni, na kamshafti, ambazo hufungua na kufunga valvu. Kranki inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Ukiendesha kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, na kila mara mkanda unavutwa, unalegea kidogo, kisha unavutwa tena. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zilizofunikwa na mpira. Mpira huchoka kwa joto na kwa umri, si kwa kilomita peke yake, na ndiyo maana watengenezaji wengi huweka ukomo wa aina mbili, kilomita na miaka, kwa masharti kwamba ukomo utakaotangulia ndio unaohesabiwa. Kwa injini za EJ zilizouzwa Japani, kilomita zinazofuatwa ni 100,000. Kwa EJ25 zilizouzwa Marekani, Subaru yenyewe iliandika maili 105,000 au miezi 105. Miezi 105 haifiki hata miaka tisa. Gari lako lina miaka 20.

Sasa kuhusu kidole na tochi. Mikanda ya zamani ilikuwa ikionyesha nyufa kabla ya kukatika, na sisi tuliojifunza kazi wakati huo tulizoea kuitazama mgongoni na kuipindisha. Mpira wa mikanda ya miaka hii ni wa aina nyingine. Unaweza kuonekana mweusi, laini na wenye maandishi yanayosomeka, huku nyuzi za ndani zimeshaanza kuachia au mizizi ya meno imeshadhoofika. Kwa hiyo ukiona nyufa, badilisha siku hiyo hiyo. Lakini usipoziona, bado hujajua chochote. Mwenzangu aliyebonyeza mkanda hakukudanganya, ila alikuwa anatafuta dalili ambayo huenda isitokee kamwe.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Katika EJ20 ya turbo, ambayo ina kamshafti nne, valvu ikishuka na pistoni ikipanda bila mpangilio, hukutana. Si hivyo tu, hata valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Mkanda ukikatika kwenye mwendo hutasikia onyo lolote. Injini itazimika, na ukipiga starta itazunguka kwa wepesi usio wa kawaida kwa sababu mgandamizo haupo tena. Kutoka hapo unazungumzia kushusha injini, kufungua hedi mbili, kununua valvu na gasketi, na wakati mwingine kutafuta injini nyingine. Gharama hiyo ni mara kadhaa ya hizo laki sita na sabini.

RAV4 ya Moshi

Fundi, nakuheshimu, lakini tusimtishe mwalimu. Mimi nina RAV4 ya mwaka 1998 yenye injini ya 3S. Mkanda ulinikatikia karibu na Himo, gari likazimika, nikavutwa hadi gereji, ukafungwa mkanda mpya na gari likawaka siku hiyo hiyo. Hakuna valvu iliyopinda. Hadi leo ninalitumia. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mkanda unaokatika unaua injini, na kama mtu ana matairi yaliyoisha na fedha ya jambo moja, ningeanza na matairi, kwa sababu tairi likipasuka kwenye mwendo linaua watu.

Fundi wa Gerezani

Ndugu wa Moshi, uliyoyasema kuhusu gari lako ni kweli kabisa, na sikusema kila injini. 3S-FE, kama zilivyo 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina za zamani, zina nafasi ya kutosha kati ya valvu na pistoni, hivyo mkanda ukikatika hasara yako ni gari la kuvuta na siku iliyopotea. Mwenye injini hizo anaweza kuvumilia kidogo akiwa mjini. Lakini EJ20 ya turbo haimo katika kundi hilo, na injini za dizeli ndiyo kabisa, kwa sababu mgandamizo wao ni mkubwa na nafasi juu ya pistoni ni finyu mno.

Niongeze hapa kwa ajili ya wasomaji wengine: kabla hamjatafuta bei ya mkanda, hakikisheni kwanza kwamba gari lina mkanda. Vitz, IST, Premio na nyingine zenye 1NZ, 2NZ, 1ZZ au 1AZ zinatumia cheni, na cheni haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda. Inachohitaji ni oili safi kwa wakati. Nimeshampokea mama mmoja aliyekuwa amelipia “mkanda wa taimingi” wa IST kwingineko, na alichofungiwa kilikuwa mkanda wa nje wa jenereta.

Kuhusu matairi, nakubaliana nawe. Tairi lililoisha halimpeleki mtu Mbeya. Ila jibu la swali hilo si kwenda Mbeya na mkanda wa miaka 20.

Abiria wa Kitonga

Ninaandika kwa sababu yaliyonipata mwaka 2019 yanafanana na haya. Nilikuwa na Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ. Magari hayo yana taa ya mkanda kwenye dashibodi ambayo huwaka kila zinapotimia kilomita 100,000, na mimi nilijitegemeza kwenye taa hiyo. Niliamini kwamba maadamu haijawaka, niko salama. Nilikuwa ninatoka Dar es Salaam kwenda Iringa, na katikati ya mlima wa Kitonga, nikiwa nyuma ya lori, injini ilikata kimya, kama mtu aliyezima ufunguo. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, na nyuma yangu kulikuwa na basi. Namshukuru Mungu kwamba dereva wa basi alikuwa ameacha nafasi. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, tukawateremsha watoto, na tukakaa pale hadi jioni.

Fundi alipofungua alikuta mkanda umekatika, valvu zimepinda, na alipotoa dashibodi kuangalia ile taa, balbu yake haikuwepo. Mtu fulani kabla yangu aliitoa. Na hata ingekuwepo, nilikuja kuelewa baadaye kwamba inahesabu kilomita tu, haihesabu miaka. Mwalimu, una watoto watatu. Usipande nao mlima wowote kabla ya kazi hii kufanyika.

Fundi wa Gerezani

Pole sana, ndugu. Mwalimu, kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja lisilo na gharama. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika stika ndani ya boneti wanapobadilisha mkanda, yenye tarehe na kilomita. Mara nyingi huwa kwenye kifuniko cha plastiki cha mkanda wenyewe, kwenye mnara wa shokomzoba au upande wa ndani wa boneti. Baada ya miaka mingi ya vumbi letu huwezi kuiona mpaka upitishe kitambaa chenye maji. Tafuta, piga picha, uniambie namba zilizopo.

Mwalimu wa Dodoma

Fundi, nimeikuta. Ilikuwa kwenye mnara wa shokomzoba, upande wa dereva, chini ya tope lililokauka. Ina maandishi ya Kijapani nisiyoyajua, kisha namba 22, kisha 6, na mstari wa chini 98,420 km. Kumbe mkanda ulishabadilishwa! Sijui kama 22 ni tarehe 22 ya mwezi wa sita, maana sioni mwaka.

Kijana wa Mwanza

Hongera, mwalimu, umeokoa fedha. Hesabu ni nyepesi: 131,600 ukitoa 98,420 unabaki na 33,180. Mkanda unakwenda kilomita 100,000, kwa hiyo bado una zaidi ya 66,000 za kutumia. Nunua matairi, nenda Mbeya kwa amani.

Mpwani wa Tanga

Naomba tusiharakishe kumpongeza. Nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa miaka mingi, na stika hiyo inasema mambo mawili ambayo hesabu ya hapo juu haikuyaona.

La kwanza ni mwaka. Wajapani huandika miaka kwa kufuata enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989 na kumalizika 2019, kwa hiyo kwa gari la umri huu unachukua namba ya mwaka na kuijumlisha na 1988. Hiyo 22 si tarehe, ni mwaka wa 22 wa Heisei, yaani 2010, na 6 ni mwezi Juni. Mkanda huo una miaka 15 ndani ya injini. Kwa magari mapya zaidi yaliyotoka baada ya Mei 2019 mtakuta enzi ya Reiwa, ambayo mwaka wake wa kwanza ni 2019, hivyo mnajumlisha na 2018.

La pili linaniuma zaidi. Mwalimu, uliambiwa kwamba gari liliingia nchini mwaka 2014 likiwa na kilomita 64,000. Stika inasema kwamba mwaka 2010, likiwa bado Japani, lilikuwa limeshafika 98,420. Gari halirudi nyuma. Odomita, yaani kipima kilomita cha dashibodi, ilirudishwa nyuma mahali fulani kati ya Juni 2010 na siku lilipofika mikononi mwa yule aliyekuuzia, ambaye huenda naye alidanganywa kama wewe. Kwa hiyo huwezi kutoa 98,420 kwenye 131,600, kwa sababu namba hizo mbili hazipo kwenye kipimo kimoja. Unachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: hapa nchini limetembea 131,600 kutoa 64,000, sawa na 67,600. Mkanda umefanya kilomita hizo zote, pamoja na zile za Japani kati ya 2010 na 2014 ambazo mtu amezificha. Injini yenyewe, ukijumlisha 98,420 za stika na hizo 67,600, haipungui 166,000.

Ukitaka uthibitisho, muulize aliyekuuzia kama wakala wake wa forodha alimwachia nakala ya cheti cha Japani cha kuruhusu gari kusafirishwa. Kwenye cheti hicho huwa kuna kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima wa kule, ambao gari dogo hufanyiwa baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miaka miwili. Aliyerudisha odomita anaweza kugusa dashibodi, lakini cheti kimeandikwa na serikali.

Kijana wa Mwanza

Nimeelewa, mzee wangu, na ninaomba radhi kwa mwalimu. Sikujua habari ya enzi, na sikuilinganisha stika na kilomita za kuingilia nchini.

Mwalimu wa Dodoma

Nimekaa kimya kwa siku mbili kwa sababu nilikwenda kumwona aliyeniuzia. Alikuwa na cheti kwenye bahasha ileile ya kadi ya zamani, na hakuwahi kukisoma kwa kuwa kimeandikwa Kijapani. Kilomita za ukaguzi wa mwisho zilizoandikwa humo ni 117,300. Aliumia kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyelipa bei ya gari la kilomita 64,000. Nimekata shauri, mkanda unabadilishwa wiki hii. Sasa ninaomba kuelekezwa: je, ninunue mkanda peke yake ili nipate na matairi mawili, au seti nzima ni ya lazima? Na nimsimamie vipi fundi?

Fundi wa Gerezani

Seti nzima. Mkanda unazungukia puli kadhaa, mojawapo ikiwa na meno, na kila puli ina beringi iliyojazwa grisi kiwandani. Huwezi kujua kama hizo zilibadilishwa 2010 au ni za tangu gari likiwa jipya. Beringi ikikauka na kukwama, inausaga mkanda mpya kwa dakika chache, na injini inaharibika vilevile kama vile hukubadilisha kitu. Mikanda mingi niliyoikuta imekatika, mkanda wenyewe haukuwa wa kwanza kushindwa. Pampu ya maji ya injini yako nayo inazungushwa na mkanda huohuo. Ukiiacha ya zamani na ikaanza kuvuja baada ya miezi sita, utalipa ufundi mara ya pili na kulowanisha mkanda mpya kwa kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Badilisha pia sili za kamshafti na ya mbele ya kranki, kwa kuwa bei yake ni ndogo na oili inayovuja hulainisha mpira. Tafuta mkanda wa Mitsuboshi, Bando au Gates kwenye duka linalokubali kurudishiwa, na beringi za NTN, NSK au Koyo. Boksi pekee lisikuridhishe, angalia maandishi yaliyochongwa kwenye beringi yenyewe.

Kuhusu usimamizi, kuna mambo matatu ambayo nimeona yakiharibu EJ mikononi mwa watu wenye nia njema. La kwanza ni alama ya kranki. Gia ya kranki ina mshale unaoonekana wazi kwa mbele, na fundi asiyezoea Subaru huuchukua huo. Alama ya kufungia mkanda ni kistari kidogo kilicho kwenye ubapa wa nyuma wa gia hiyo, kinacholingana na mstari ulio kwenye bloku. La pili ni kamshafti za upande wa kushoto, yaani upande wa abiria ukiwa umekaa kwenye usukani wetu wa kulia. Zikiwa kwenye alama, spiringi za valvu zinazisukuma, na mkanda ukitolewa zinaweza kuruka ghafla na valvu zikagongana hapohapo gereji. Fundi awe na kifaa cha kuzishikilia, au azirudishe taratibu kwa spana, moja moja, kwa mwelekeo sahihi. Asizungushe kwa pupa.

La tatu ni tensheni ya oili, kifaa kinachoukaza mkanda. Kama ni mpya huja ikiwa imebanwa kwa pini yake. Kama inarudishwa ya zamani, inabanwa ikiwa wima kwa mashine ya kubania, polepole, na maelekezo ya Subaru yanataka zoezi hilo lichukue dakika tatu au zaidi. Nimeona watu wakiigonga kwa nyundo. Ikigongwa, sili yake ya ndani inaharibika na mkanda unalegea wiki chache baadaye.

Akimaliza, kabla ya kupiga starta, azungushe kranki kwa spana ya mkono mizunguko miwili kamili na alama zote zirudi mahali pake. Ikigoma njiani, asilazimishe, na wewe usikubali alazimishe. Kaa pale uhesabu mizunguko naye.

Mwalimu wa Dodoma

Kazi imekamilika jana, na nimeona ni haki kuwarudishia taarifa. Ilichukua karibu siku nzima. Mkanda uliotoka hauna ufa hata mmoja mgongoni, kama alivyosema fundi wa kwanza, lakini tulipoupindua upande wa meno tulikuta mizizi ya meno mawili imeanza kufunguka, na kitambaa kinachofunika meno kimelika. Puli moja laini ilizunguka kwa sauti ya mchanga. Pampu ya maji ilikuwa na alama nyeupe ya kulanti iliyokauka chini ya tundu lake la kutolea. Fundi alipotoa mkanda, kamshafti ya kushoto iliruka kidogo kama ilivyoelezwa hapa, ila alikuwa ameishika kwa spana, na hakuna kilichogusana. Tulihesabu ile mizunguko miwili pamoja.

Nimeiacha stika ya Japani mahali pake na kuandika nyingine pembeni yake kwa kalamu ya rangi, yenye tarehe ya jana na 131,900, na chini yake nimeandika kwamba odomita ilirudishwa, halisi inazidi kwa 53,300 au zaidi, ili atakayekuja kulinunua gari hili asipige hesabu ya uongo. Matairi tutayanunua Januari. Mbeya tunakwenda kwa basi, na tiketi nimeshakata.